Amri Iliyoandaliwa na Hesabu ya Wakati: Mwongozo kwa Mtunga Programu

Kila mtunga programu aliyefunzwa vyema hujua ya kuwa amri ya SQL haifai kubandikwa ndani yake maneno yaliyoandikwa na mtumiaji, bali huandaliwa kwanza ikiwa na nafasi tupu, kisha thamani zikapelekwa peke yake, kila moja mahali pake. Usia huu hutolewa kwa ajili ya usalama, na kwa usalama ni usia usio na mjadala. Lakini pamoja nao aghalabu hutolewa dai la pili, ya kwamba amri iliyoandaliwa ni nyepesi kuliko amri ya kawaida. Na dai hili, ingawa lina ukweli mwingi, si kweli daima wala kila mahali. Muradi wa mwongozo huu ni kumsaidia msomaji alipime dai hilo kwa mizani ya haki: ajue ni kazi gani inayookolewa, kwa gharama gani, katika hifadhidata ipi, na ni kwa alama gani atatambua kwamba faida aliyoitarajia imegeuka hasara. Mifano mingi imechukuliwa kutoka PostgreSQL na MySQL. Oracle na SQL Server zitaguswa pale tafauti yao inapokuwa na funzo.

Kazi inayookolewa

Seva ya hifadhidata ipokeapo amri huipitisha katika hatua nne. Kwanza huyasoma maandishi na kuyachambua kama sarufi ya SQL inavyotaka. Pili huyatafuta majina ya majedwali na safu katika kamusi yake ya ndani, ikahakikisha kuwa yapo na kwamba aina za thamani zinalingana. Tatu hutunga mpango, yaani huamua kama itaingia jedwalini kwa njia ya faharasa au italisoma jedwali zima, na kama majedwali ni mengi, lipi litangulie na lipi lifuate. Nne huutekeleza mpango huo na kumrudishia mwulizaji mistari aliyoitaka.

Hatua ya tatu ndiyo iliyobeba hikima kubwa. Mwaka 1979 Patricia Selinger na wenzake wa IBM, waliokuwa wakijenga mfumo wa majaribio ulioitwa System R, walitangaza njia ya kukadiria gharama ya kila mpango kwa kutumia takwimu za majedwali, kisha kuchagua ule wenye gharama ndogo. Na hifadhidata nyingi za leo zingali zimesimama juu ya msingi huo. Kadiri majedwali yaunganishwayo yanavyozidi, ndivyo mipango ya kulinganishwa inavyoongezeka, na ndivyo muda wa kupanga unavyorefuka.

Kuandaa amri, basi, ni kuzitanguliza hatua za mwanzo, kuihifadhi natija yake, na kuitumia tena kila thamani mpya zinapokuja. Hatua ya nne haiguswi: amri isomayo mistari milioni 20 kutoka diskini itaisoma milioni 20 vilevile, imeandaliwa au haikuandaliwa. Ndiyo sababu faida ni kubwa kwa amri fupi zirudiwazo maelfu ya mara, mfano wa kumtafuta mteja mmoja kwa nambari yake, na ni kubwa zaidi kwa amri inayounganisha majedwali mengi ilhali hurudisha mistari michache. Lakini kwa ripoti ya mwisho wa mwezi, ambayo huitwa mara moja na kuchukua dakika nzima, milisekunde chache za kupanga hazina uzito wowote.

Tena hifadhidata hazifanani katika kile zinachokihifadhi. PostgreSQL huweza kuhifadhi hata mpango wenyewe, lakini kila muunganisho una akiba yake, na akiba hiyo hutoweka muunganisho unapofungwa. MySQL nayo huifunga amri iliyoandaliwa na muunganisho wake, ila uchaguzi wa njia hufanywa upya katika kila utekelezaji. Kinachookolewa ni uchambuzi na maandalizi ya awali, na hayo ya pili hufanywa mara moja tu tangu toleo la 8.0.22. Oracle na SQL Server huweka mipango katika akiba moja inayotumiwa na miunganisho yote, hata amri iliyochambuliwa kwa ajili ya mtumiaji mmoja ikamfaa na mwenziwe, maadamu maandishi yake ni yaleyale herufi kwa herufi. Kwa hiyo katika Oracle, programu inayobandika thamani ndani ya amri badala ya kuacha nafasi huijaza akiba ya wote kwa maelfu ya amri zinazotafautiana kwa nambari tu, ikawachelewesha hata wasiohusika.

Pima kabla ya kubadili

Usianze kwa imani; anza kwa kipimo. Katika PostgreSQL tanguliza maneno EXPLAIN ANALYZE mbele ya amri yako, kisha utazame mistari miwili ya mwisho, Planning Time na Execution Time: wa kwanza ni muda wa kupanga, wa pili ni muda wa kutekeleza. Uwe na hadhari, kwa kuwa amri itatekelezwa kweli. Amri ya kufuta au kubadili ifungie ndani ya muamala utakaoubatilisha kwa ROLLBACK. Ukiona kupanga kunachukua muda mrefu kuliko kutekeleza, na amri yenyewe huitwa mara nyingi, umepata mahali ambapo maandalizi yatakulipa. Ukiona kutekeleza kunakula karibu muda wote, shughulika na faharasa zako kwanza, kwa sababu dawa ya maradhi hayo haimo katika kuandaa.

Kwa kuitazama programu nzima badala ya amri moja, washa kiongezi kiitwacho pg_stat_statements, na tangu toleo la 13 unaweza kuwasha pia kigezo chake pg_stat_statements.track_planning, ambacho kwa kawaida huwa kimezimwa. Hapo utaona, kwa kila amri, imeitwa mara ngapi, jumla ya muda wa kuipanga ni ngapi na jumla ya muda wa kuitekeleza ni ngapi. Nawe utaweza kuanza na ile iliyo juu ya orodha badala ya kuanza na ile uliyoidhania.

Na ukitaka kuiona tafauti kwa macho yako, PostgreSQL huja na chombo cha majaribio kiitwacho pgbench. Unda hifadhidata tupu uipe jina jaribio, kisha uandike:

pgbench -i -s 10 jaribio
pgbench -S -c 8 -T 60 -M simple jaribio
pgbench -S -c 8 -T 60 -M prepared jaribio

Mstari wa kwanza hujenga jedwali lenye akaunti 1,000,000. Wa pili huwaweka wateja 8 wasome akaunti moja moja kwa sekunde 60 kwa amri za kawaida, na wa tatu hurudia kazi ileile kwa amri zilizoandaliwa. Linganisha hesabu ya miamala kwa sekunde katika majibu mawili. Kumbuka kwamba jaribio hili limechagua amri fupi kabisa, ambayo ndiyo inayofaidi zaidi. Kwa hiyo usiichukue tafauti hiyo ukaipachika juu ya programu yako, bali iandike amri yako mwenyewe katika faili, uipe pgbench kwa alama ya -f, upime tena.

Hesabu ya safari

Jambo linalosahauliwa mno ni kwamba amri husafiri. Seva ikiwa katika chumba kimoja na programu, safari ni sehemu ndogo ya milisekunde na haina haja ya kufikiriwa. Lakini mtunga programu wa Mombasa au Dar es Salaam ambaye hifadhidata yake imekodiwa Ulaya yumo katika hali nyingine. Kebo ya SEACOM ilifika pwani yetu mwaka 2009, na ya EASSy ikafuata mwaka 2010, nazo zikatuondolea taabu ya kutegemea setilaiti. Walakini mwanga hupita ndani ya nyuzi za kebo kwa kasi ya kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, na hakuna ufundi utakaouhimiza zaidi ya hapo. Njia ya kebo yenye urefu wa kilomita 10,000 haiwezi kupeleka swali na kurudisha jibu chini ya milisekunde 100.

Sasa fikiri itakavyokuwa ukiandaa amri, ukaitumia mara moja, kisha ukaitupa. Katika MySQL, maandalizi ya kweli ni safari ya kwanza, ambayo programu hungoja jibu lake. Utekelezaji ni safari ya pili, nayo hungojewa vilevile. Kufunga hakuna jibu, kwa hiyo hakungojewi. Amri iliyokuwa ikichukua milisekunde 100 itachukua 200, na hakuna ulichookoa, kwa kuwa muda wa kuchambua na kupanga haukufikia hata milisekunde moja. PostgreSQL ina ahueni hapo, kwa sababu kanuni yake ya mawasiliano huruhusu kuchambua, kufunga thamani na kutekeleza kupelekwe pamoja katika safari moja, na draiva nzuri hufanya hivyo. Lakini ukiandika mwenyewe PREPARE kama amri ya SQL na kungojea jibu, kisha ukaandika EXECUTE, umejitwika safari mbili.

Kwa upande wa pili, usidhani kwamba kuandaa kutakuondolea safari zilizokwisha kuwapo. Programu inayoingiza mistari 1,000, kila mmoja kwa safari yake ya milisekunde 100, itachukua sekunde 100, hata kama amri iliandaliwa kwa ustadi usio na kifani. Dawa ni kupeleka mistari mingi kwa pamoja: amri moja ya INSERT yenye mistari mingi, au mafungu ya JDBC pamoja na kigezo reWriteBatchedInserts kwa PostgreSQL au rewriteBatchedStatements kwa MySQL, au amri ya COPY pale mistari inapokuwa mamia ya maelfu. Kadhalika, izungushie kazi yote muamala mmoja, ili diski isilazimishwe kuthibitisha kila mstari peke yake.

Hakikisha kwamba imeandaliwa kweli

Programu huongea na hifadhidata kupitia draiva, na draiva ina desturi zake. Unaweza kuandika msimbo unaosema waziwazi kwamba amri inaandaliwa, ilhali seva haikupata kuambiwa habari hiyo.

Draiva ya JDBC ya PostgreSQL ina kigezo prepareThreshold, ambacho thamani yake ya kawaida ni 5: mara nne za kwanza hupeleka amri bila ya jina, na mara ya tano ndipo huiandaa katika seva kwa jina na kuanza kuitumia tena. Hii ni tadbiri njema, kwa kuwa amri itumikayo mara moja au mbili haiachi mzigo wowote. Connector/J ya MySQL kwa kawaida haitumii maandalizi ya seva kabisa. Huzijaza thamani ndani ya maandishi kwa usalama upande wa programu, mpaka uweke useServerPrepStmts kuwa true, nawe ukiweka hivyo sharti uweke na cachePrepStmts, la sivyo utaandaa upya kila mara na kulipa ile safari ya ziada. PDO ya PHP nayo, inapoongea na MySQL, huiga maandalizi upande wake isipokuwa uzime kigezo PDO::ATTR_EMULATE_PREPARES. Kuiga huku si dhambi: hulinda dhidi ya maneno maovu endapo seti ya herufi imewekwa sawasawa katika muunganisho, na huokoa safari moja kwa amri itumikayo mara moja. Ila asiyejua kwamba kunaigwa atatafuta faida ya akiba mahali isipokuwapo.

Njia ya kuthibitisha ni kuiuliza seva yenyewe. Katika PostgreSQL, soma pg_prepared_statements ukiwa ndani ya muunganisho uleule unaoutilia shaka, kwa kuwa hauonyeshi amri za miunganisho mingine. Katika MySQL, andika SHOW GLOBAL STATUS LIKE 'Com_stmt%' na ulinganishe hesabu mbili: Com_stmt_prepare na Com_stmt_execute. Ya pili ikiwa mara mia ya ile ya kwanza, mambo ni mema. Zikiwa sawasawa, programu yako inaandaa, inatumia mara moja, na inatupa. Na hapo umelipa gharama yote ya maandalizi bila ya kuonja faida yake.

Andaa mara moja, na usiijaze akiba

Kosa lililoenea kuliko yote ni kuiandaa amri ndani ya kitanzi. Amri iandaliwe kabla ya kitanzi kuanza, na ndani ya kitanzi zibadilishwe thamani tu. Kama muundo wa programu haukuruhusu kuishika amri kwa muda mrefu, kwa kuwa kila ombi huchukua muunganisho na kuurudisha, basi itegemee akiba ya draiva: ile ya JDBC ya PostgreSQL hukumbuka hadi amri 256 kwa kila muunganisho, na Connector/J ikiwashwa hukumbuka 25 zisizozidi herufi 256, kiwango ambacho kwa programu kubwa ni kidogo na hustahili kuongezwa.

Kosa la pili ni kutunga maandishi ambayo hayarudii kamwe. Orodha ya IN ndiyo mfano wake dhahiri: ukitafuta wateja watatu utaandika nafasi tatu, ukitafuta saba utaandika saba, na kila idadi ni amri mpya machoni pa seva. Baada ya siku moja akiba imejaa ndugu mamia wa amri moja, nao wanazitoa nje amri zilizostahili kubaki. Katika PostgreSQL andika id = ANY($1) na upeleke orodha nzima kama thamani moja; maandishi hayatabadilika tena. Watumiao Hibernate wana kigezo hibernate.query.in_clause_parameter_padding, ambacho huijaza orodha hadi ifikie 2, 4, 8, 16 na kuendelea, hata aina za maandishi zikapungua kabisa.

Kosa la tatu ni kusahau kwamba akiba huzidishwa kwa idadi ya miunganisho. Miunganisho 100, kila mmoja ukiwa umeshika amri 200, ni amri 20,000, na kila moja imekalia kumbukumbu ya seva. MySQL huweka mpaka wa seva nzima kwa kigezo max_prepared_stmt_count, ambacho kwa kawaida ni 16,382. Kwa hesabu hiyo mpaka utavukwa, na amri mpya zitakataliwa wakati wa shughuli nyingi, ambapo ndipo usipotaka zikataliwe. Kabla ya kuupandisha mpaka huo, chunguza kwanza kama programu inafunga amri ilizomaliza kuzitumia.

Mpango mmoja kwa thamani zote

Hapa ndipo penye kina, na ndipo wengi huduwaa wanapoona programu iliyokuwa nyepesi imekuwa nzito ghafla ilhali hakuna aliyeigusa.

Chukua jedwali la malipo lenye mistari milioni 10. Safu yake iitwayo hali ina thamani mbili tu: karibu mistari yote ni 'imekamilika', na mistari 2,000 hivi ni 'inasubiri'. Safu hiyo ina faharasa. Amri iliyoandaliwa ni hii:

SELECT id, kiasi FROM malipo WHERE hali = $1

Mpangaji akiambiwa kwamba thamani ni 'inasubiri', atapita kwenye faharasa na kuichukua ile mistari 2,000 mara moja. Akiambiwa ni 'imekamilika', atalisoma jedwali zima, na atakuwa amefanya haki, kwa kuwa faharasa haimfai anayetaka karibu kila kitu. Huo ndio mpango mahsusi, unaotungwa kwa thamani iliyopo. Lakini mpango unaohifadhiwa ili utumike tena hutungwa kabla ya thamani kujulikana. Mpangaji huona safu yenye thamani mbili, hukisia kwamba nusu ya jedwali itatakiwa, na huchagua kulisoma jedwali zima. Huo ndio mpango wa jumla. Nao ni kama fundi cherehani akataye kanzu zote kwa kipimo cha wastani, zikamkaa vizuri aliye karibu na wastani na kumwaibisha aliye mbali nao.

PostgreSQL huamua hivi. Mara tano za kwanza hutunga mpango mahsusi kila mara na kukumbuka wastani wa gharama zake, pamoja na gharama ya kupanga. Kisha hutunga mpango wa jumla, na kama gharama yake iliyokadiriwa haizidi ule wastani kwa kiasi cha kufanya kupanga upya kuwe na maana, huutumia huo tangu hapo. Ikiwa zile mara tano za kwanza ziliuliza 'imekamilika', mipango yote mitano ilisoma jedwali zima, wastani ukawa mkubwa, mpango wa jumla ukaonekana mzuri, nao ukachaguliwa. Na anayekuja baadaye kuuliza 'inasubiri' atasomewa mistari milioni 10 ili apewe 2,000. Kwa mtumiaji wa JDBC, mara nne za draiva zikitangulia na tano za seva zikifuata, mabadiliko haya huweza kutokea kwenye utekelezaji wa kumi. Ukiona amri ileile ni nyepesi mara tisa na nzito tangu ya kumi, unajua pa kutazama.

Kuna mambo mengine mawili yanayoathirika kwa sababu iyo hiyo. Faharasa ya sehemu, iliyoundwa kwa sharti la WHERE hali = 'inasubiri', haiwezi kutumiwa na mpango wa jumla, kwa kuwa mpangaji hajui kama $1 itakuwa neno hilo. Na amri ya LIKE $1 haiwezi katika mpango wa jumla kunufaika na faharasa ya mwanzo wa neno, kwa kuwa haijulikani kama kigezo kitaanza na herufi au na alama ya asilimia.

Kutambua si kugumu. Tangu toleo la 14, pg_prepared_statements ina safu mbili, generic_plans na custom_plans, zinazoonyesha kila aina ya mpango imetumika mara ngapi. Na tangu toleo la 16, EXPLAIN ina chaguo la GENERIC_PLAN linalokuonyesha mpango wa jumla bila ya kungoja mara tano.

Tiba ziko tatu, nazo zichaguliwe kwa utaratibu huu. Ya kwanza na iliyo bora, pale thamani zinapokuwa chache na zinajulikana, ni kutenga amri mbili: moja ya 'inasubiri' na moja ya 'imekamilika', neno likiandikwa ndani ya amri yenyewe. Hakuna hatari ya usalama hapo, kwa sababu neno limeandikwa na mtunga programu wala halikutoka kwa mtumiaji. Na hata faharasa ya sehemu itatumika. Ya pili ni kuweka plan_cache_mode kuwa force_custom_plan, kigezo kilichokuja na toleo la 12. Lakini kiweke kwa SET LOCAL ndani ya muamala unaohusika, si kwa seva nzima, ili amri zilizofaidi mpango wa jumla zisinyimwe haki yao. Ya tatu ni kuboresha takwimu za jedwali kwa ANALYZE, ambayo husaidia pale makisio yalipokosea, ila haiwezi kumjulisha mpangaji thamani ambayo bado haijafika.

Hifadhidata nyingine zina maradhi ya namna hiyo kwa sura nyingine. SQL Server hutunga mpango kwa kuitazama thamani ya kwanza iliyokuja, kisha huutumia kwa watakaofuata; anayeona madhara yake hutumia kidokezo RECOMPILE kwa amri ile moja. Oracle ilianza kuitazama thamani ya kwanza katika toleo la 9i, na tangu 11g huweza kuwa na mipango kadhaa kwa amri moja na kuchagua kati yake kwa kadiri thamani zinavyotafautiana.

Aina ya thamani ilingane na safu

Amri iliyoandaliwa hupeleka thamani pamoja na aina yake, na aina isiyolingana huweza kuifunga faharasa. Katika PostgreSQL, safu ya bigint ikilinganishwa na thamani iliyopelekwa kama numeric, kama inavyotokea kwa atumiaye BigDecimal katika Java, ni safu ndiyo inayogeuzwa, mstari kwa mstari, na faharasa yake haitumiki. Katika MySQL, safu ya maandishi iliyolinganishwa na nambari hupatwa na jambo lilo hilo, na nambari za simu zilizohifadhiwa kama maandishi ndizo zinazoangukia humo mara kwa mara. Katika SQL Server, draiva ya JDBC kwa kawaida hupeleka maandishi kwa aina ya Unicode, na safu ya varchar huweza kulazimika kugeuzwa. Kigezo sendStringParametersAsUnicode ndicho kinachotawala jambo hilo. Kwa kila safu unayotafutia, hakikisha aina unayopeleka ndiyo aina iliyoandikwa katika jedwali.

Anayegawa miunganisho, na jedwali linalobadilika

Programu nyingi za leo haziongei na PostgreSQL moja kwa moja, bali hupitia PgBouncer, ambayo katika hali ya muamala humpa mteja muunganisho wa seva kwa muda wa muamala mmoja tu. Kwa kuwa amri iliyoandaliwa ni mali ya muunganisho, mteja alikuwa akiandaa hapa na kutekeleza pale, akaambiwa kwamba amri hiyo haipo. Toleo la 1.21 la mwaka 2023 liliondoa taabu hiyo kwa kigezo max_prepared_statements: kikiwa zaidi ya 0, PgBouncer huzikumbuka amri na kuziandaa tena katika muunganisho wowote zinapohitajika. Huduma hii ni kwa maandalizi ya kanuni ya mawasiliano, yafanywayo na draiva. Haihusu PREPARE iliyoandikwa kama amri ya SQL. Anayetumia toleo la zamani aweke prepareThreshold kuwa 0.

Jedwali nalo likibadilishwa, mipango iliyolihusu hutungwa upya, na hilo halina madhara. Lakini amri ya SELECT * iliyoandaliwa kabla ya kuongezwa safu mpya itakataliwa na PostgreSQL, kwa kuwa umbo la jibu limekuwa jingine. Taja safu unazozitaka kwa majina, na mabadiliko ya jedwali hayatakuangusha katikati ya kazi.

Utaratibu wa kufuata

1. Tafuta amri zinazoitwa mara nyingi, na ulinganishe muda wa kuzipanga na wa kuzitekeleza.
2. Pima muda wa safari moja baina ya programu na hifadhidata. Ukizidi milisekunde chache, punguza safari kwanza.
3. Iulize seva kama amri zinaandaliwa kweli, na kama kila moja inatumika zaidi ya mara moja.
4. Ondoa maandalizi ndani ya vitanzi, na maandishi ya IN yasiyorudia.
5. Zidisha idadi ya miunganisho kwa ukubwa wa akiba, uone kama kumbukumbu na mipaka vinatosha.
6. Kwa safu ambazo thamani zake hazikugawanyika sawasawa, kagua kama mpango wa jumla umechaguliwa.
7. Badili jambo moja, pima tena, ndipo uendelee na jingine.

Na baada ya vipimo vyote, ikidhihirika kwamba kwa amri fulani kuandaa katika seva ni hasara, usirudi katika kubandika maneno ya mtumiaji ndani ya SQL. Kilicholeta hasara ni kuhifadhi na kutumia tena, si kutenga thamani na amri. Na mambo haya mawili yanaachana. Weka prepareThreshold kuwa 0, au tumia amri isiyo na jina, au iachie draiva iige maandalizi: thamani zitaendelea kulindwa, na seva itapanga upya kila mara kama ulivyotaka. Aliyeielewa tafauti hiyo hatalazimika kamwe kuuza usalama wa watu wake ili anunue milisekunde.